Soksi za joto zisizokukamua mfuko: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Ukurasa huu ni wa watu wa nchi za baridi za kwetu: Njombe, Makete, Mbeya, Lushoto, Limuru, Kinangop, Nyahururu, na wote wanaopanda Kilimanjaro kwa matembezi au kwa kazi. Wanaouliza zaidi ni wapagazi, walinzi wa usiku, madereva wa bodaboda na wazazi wenye watoto bweni, na maswali yao yanafanana. Majibu nimeyaweka hapa ili mtu asinunue soksi kwa kukisia.

Nimevaa soksi nene kabisa na bado vidole vinaganda. Kwa nini?

Hili ndilo swali kuu, na jibu lake likieleweka mengine yote yanakuwa mepesi.

Soksi haina joto lake. Joto ni la damu yako, na kazi ya soksi ni kulizuia lisikimbie. Kinacholizuia ni hewa iliyonaswa katikati ya nyuzi. Ukichukua soksi nene ukaisokomeza kwenye kiatu kinachokubana, ile hewa inakamuliwa yote na unabaki na kitambaa kilicholala kama karatasi. Juu ya hapo kiatu kinaminya mishipa, damu inafika vidoleni kwa shida. Watu wengi wanaolalamika vidole kuganda wana soksi nzuri tu. Viatu ndivyo vidogo. Vaa soksi yako nene, ingiza mguu kiatuni, kisha jaribu kuchezesha vidole. Visipocheza, ama badilisha kiatu ama vaa soksi nyembamba zaidi. Soksi nyembamba ndani ya kiatu chenye nafasi inashinda soksi nene ndani ya kiatu kinachobana.

Sababu ya pili ni unyevu. Mguu hutoa jasho hata kwenye baridi, na soksi iliyolowa hupoteza joto haraka mno. Ndiyo maana mtu anapanda mlima akiwa na joto zuri, akikaa dakika kumi kupumzika anaanza kutetemeka kuanzia nyayoni.

Sababu ya tatu watu huisahau: mwili ukiona kifua na tumbo vinapoa, unapunguza damu inayokwenda miguuni ili kulinda moyo na viungo vya ndani. Ukikaa lindo usiku na shati jepesi, soksi hazitakuokoa hata ziwe za bei gani. Sweta na kofia nazo ni dawa ya miguu.

Soksi ya aina gani basi ndiyo yenye joto?

Sufu, yaani manyoya ya kondoo, na hasa ya kondoo wa merino ambaye nyuzi zake ni nyembamba na laini. Uzi wa sufu una mawimbi ya asili, haulali bapa, kwa hiyo hewa inabaki ndani hata baada ya kutembelewa siku nzima. Pia unaweza kunyonya mvuke wa jasho wa karibu asilimia 30 ya uzito wake mwenyewe kabla hujahisi kwamba umelowa. Faida yake ya tatu ni kwamba hauhifadhi harufu kama poliesta inavyofanya.

Ukikosa sufu, inayofuata ni akriliki nene iliyofumwa vizuri. Akriliki ni uzi wa kiwandani ulioundwa kuiga sufu, na ndiyo iliyomo kwenye soksi nyingi za bei nafuu zinazouzwa kama soksi za baridi. Inatunza joto vizuri ukiwa umekaa au umelala. Kwenye jasho jingi inashindwa.

Pamba je? Si ndiyo ya asili?

Ni ya asili, ni laini, na kwa ofisini Dar es Salaam ni nzuri sana. Kwenye baridi inakusaliti. Pamba inakunywa jasho ikalishikilia, nyuzi zake zikilowa zinalala, na inachukua muda mrefu kukauka. Kilimanjaro sipendi kumwona mtu na soksi ya pamba kuanzia kambi ya pili kwenda juu.

Nisomeje lebo?

Tafuta asilimia. Maneno makubwa ya mbele, "soksi za baridi", "thermal", "winter", hayana maana yoyote mpaka uone asilimia za nyuzi. Nimeshika pakiti iliyochorwa kondoo mzuri mbele, nyuma kwa maandishi madogo pamba asilimia 80 na poliesta. Ukikuta neno la sufu lakini hakuna asilimia, ichukulie kwamba sufu ni kidogo au haipo.

Usitafute asilimia 100 ya sufu. Sufu tupu ni tamu mguuni lakini inatoboka haraka kisiginoni. Soksi nzuri ya kutembelea ina sufu kati ya asilimia 50 na 75, nailoni asilimia 20 hadi 40 kwa ajili ya uimara, na lastiki kidogo, asilimia 2 hadi 5, inayoandikwa elastane, spandex au Lycra. Nailoni ndiyo inayobeba msuguano wa kisigino, usiione kama udanganyifu. Sufu ikiwa chini ya asilimia 30, lipa bei ya soksi ya kawaida, usilipe bei ya sufu.

Soksi zinazofika madukani kwetu zinatoka nchi nyingi na lebo zake ni za lugha nyingi. Sufu kwa Kiingereza ni wool, Kifaransa laine, Kiitaliano na Kihispania lana, Kijerumani Wolle au Schurwolle, Kiholanzi wol, Kiswidi na Kinorwe ull, Kifini villa. Lebo ya Kichina itakuwa na herufi 羊毛. Jihadhari na neno moja la Kijerumani, Baumwolle: ndani yake kuna wolle lakini maana yake ni pamba. Wauzaji wenyewe hukosea hapo na kukuuzia pamba kwa bei ya sufu bila nia mbaya. Pamba kwa Kifaransa ni coton, kwa Kichina ni 棉.

Nyingi zinauzwa bila lebo, zimefungwa kwa karatasi tu. Nitazijuaje?

Zipindue. Utashangaa jinsi watu wachache wanavyopindua soksi kabla ya kulipa, wakati habari yote iko ndani. Soksi ya joto ya kweli ina vitanzi vidogo ndani kama vya taulo, angalau chini ya wayo na kisiginoni. Vitanzi hivyo ndivyo vinavyoshika hewa. Ukikuta ndani ni laini bapa kama nje, hiyo ni soksi ya kawaida hata kama uzi wake ni mnene. Nyingine zimesuguliwa ndani mpaka zikatoa manyoya kama ya blanketi. Zinapendeza sana dukani, lakini manyoya hayo hulala na kuwa vidonge baada ya kufuliwa mara chache.

Ukiwa umeipindua, angalia mshono wa vidoleni. Pitisha kidole gumba juu yake. Mshono mnene kama kamba utakuchubua kwenye mwendo mrefu na utaubana mguu ndani ya kiatu. Mshono mzuri huusikii.

Kisha ingiza mkono ndani, tanua vidole, inua kuelekea kwenye mwanga. Mwanga ukipita kisiginoni kama kwenye chujio la chai, rudisha. Halafu vuta mdomo wa soksi na uachie: unapaswa kurudi mara moja. Ukirudi kivivu, baada ya mwezi soksi itakuwa inashuka kiatuni. Mwisho, angalia kama kisigino kimefumwa kwa umbo la kisigino. Soksi iliyonyooka kama bomba huzunguka mguuni na kukunjana, na mkunjo ndio mwanzo wa malengelenge.

Ukishanunua na bado una shaka, kuna jaribio la moto. Chomoa uzi mmoja mfupi wa ziada wa ndani, ushike kwa kibano juu ya sahani, uwashe kwa kiberiti. Sufu huungua polepole, hunuka nywele zilizoungua, ukiiondoa motoni huzima yenyewe, na majivu yake meusi yanasagika vidoleni. Pamba hushika moto upesi na kunuka karatasi. Akriliki, nailoni na poliesta huyeyuka na kuacha kidonge kigumu. Soksi yenye mchanganyiko itakupa dalili zaidi ya moja. Fanya hivyo nyumbani, uzi umepoa ndipo uushike, wala usifanye kwenye meza ya mtu sokoni.

Nivae soksi mbili kwa pamoja?

Kama kiatu kina nafasi, ndiyo: nyembamba ya nailoni au poliesta ndani, ya sufu nje. Msuguano unatokea kati ya soksi na soksi badala ya soksi na ngozi, hivyo malengelenge hupungua. Kiatu kikibana, usijaribu.

Bei ya haki ni ipi?

Bei zinabadilika kwa msimu na kwa mji, kwa hiyo nitakupa namna ya kupiga hesabu. Gawanya bei kwa muda utakaoivaa. Tuchukulie pea ya shilingi 3,000 inayotoboka kwa miezi miwili. Kwa mwaka utanunua sita, shilingi 18,000, na mguu wako umekaa kwenye baridi muda wote huo. Pea ya 15,000 yenye sufu na nailoni ikidumu miaka miwili inakuwa 7,500 kwa mwaka. Asiye na 15,000 mkononi leo analipa zaidi ya aliye nayo, na hilo linaniuma kila ninapowaona walinzi wakinunua za bei rahisi kila mwisho wa mwezi. Ushauri wangu kwa mwenye mfuko mdogo: nunua pea moja tu nzuri kwa ajili ya usiku au kazi ya baridi, mchana endelea na zako za kawaida. Pea moja ya kweli ina manufaa kuliko pakiti ya kumi na mbili.

Sufu itabaki ghali kwetu kwa sababu inayoeleweka. Kondoo wengi wa Afrika Mashariki, akiwemo yule mwekundu wa Wamasai, wana nywele fupi, hawana sufu ya kusokota. Kondoo wa sufu kama Corriedale na Merino waliletwa nyanda za juu za Kenya na wamebaki wachache. Kwa hiyo karibu sufu yote unayoiona dukani imevuka bahari.

Nikanunue wapi?

Kwa wingi na bei ya jumla, Kariakoo kwa Tanzania, na Eastleigh, Kamukunji na Gikomba kwa Nairobi. Sehemu kubwa ya soksi hizo inatoka China, ambako mji wa Datang katika jimbo la Zhejiang unajulikana kama mji mkuu wa soksi duniani. Zipo nzuri na zipo mbaya kwenye meza moja, ndiyo maana nimesisitiza kupindua. Ukiwa na wenzako mkanunua dazeni na kugawana, bei inashuka sana.

Moshi na Arusha kuna maduka ya vifaa vya mlima. Humo utakuta soksi halisi za kupandia, mpya, wakati mwingine zilizoachwa na wageni zikiwa bado kwenye karatasi. Bei ya kwanza utakayotajiwa mara nyingi ni ya mtalii. Ongea Kiswahili, salimia vizuri, uliza ya mwenyeji.

Usiwapite mafundi wa kufuma masweta ya shule. Njombe, Mbeya, Limuru, kila mji wa baridi unao. Wengi wanatumia uzi wa akriliki na wanaweza kukufumia soksi nene za kulalia kwa vipimo vyako. Mpe fundi soksi yako ya zamani inayokukaa vizuri awe na mfano mkononi.

Msimu nao una bei yake. Baridi inaanza Juni na kukolea Julai, na wauzaji wanajua. Nunua Februari au Machi wakati watu wanalia na joto.

Soksi za mitumba vipi?

Soksi iliyokwisha kuvaliwa siishauri. Vitanzi vya ndani vimeshalala, lastiki imechoka, na fangasi wa miguu wanaweza kukaa kwenye nyuzi. Tanzania, TBS, yaani Shirika la Viwango, imepiga marufuku nguo za ndani za mitumba, na hoja ya kulinda ngozi ya mnunuzi inaihusu soksi pia.

Lakini mitumba ina hazina nyingine: sweta za sufu. Memorial ya Moshi, Karume ya Dar, Gikomba na Toi za Nairobi, utakuta sweta la sufu safi ambalo mwenye meza anataka liondoke kwa sababu limetoboka kiwiko au ni kubwa mno. Kwako hilo ni uzi. Lipindue uangalie mshono wa ubavuni. Kama kingo zimefumwa zikaishia vizuri na kuunganishwa kwa uzi mmoja, sweta linafumuka lote na kukupa uzi mrefu usiokatikakatika. Kama kingo zimekatwa kwa mkasi na kufungwa kwa cherehani ya ovaloki, liache, kila mstari utakatika ukingoni. Uzi uliofumuliwa uzungushe kwenye mgongo wa kiti, uufunge, uuloweke kwenye maji ya uvuguvugu na uuanike ili mikunjo ipungue, kisha mpelekee fundi. Mwambie aongeze uzi mwembamba wa nailoni sambamba na sufu anapofika kisiginoni na vidoleni. Sweta moja la mtu mzima hutoa zaidi ya pea moja. Kwa mkulima wa viazi wa Makete au Kinangop sijui njia nyingine ya kupata soksi ya sufu ya kweli kwa bei hiyo.

Sweta lililorowekwa maji ya moto likasinyaa na kuwa gumu halifumuki, ila unaweza kulikata kwa mkasi bila nyuzi kuchomoka. Fundi wa kawaida anaweza kulishona likawa soksi za kitandani.

Napanda Kilimanjaro. Nibebe pea ngapi?

Kwa njia ya Marangu ya siku tano au sita: pea mbili au tatu za kutembelea zenye unene wa kati, pea mbili nyembamba za ndani, na pea moja nene kuliko zote ambayo haigusi njia mpaka usiku wa kileleni.

Hiyo ya mwisho ndiyo muhimu, niieleze. Vituo vya kulala vya njia hiyo ni Mandara, mita 2,720, Horombo, 3,720, na Kibo, 4,720. Kutoka Kibo watu huondoka karibu saa sita usiku kuelekea kilele cha Uhuru, mita 5,895, na huko juu baridi inaweza kushuka nyuzi 10 chini ya sifuri na zaidi, upepo ukiongeza makali. Mwendo ni wa pole pole, mwili hautoi joto jingi, hewa ni nyembamba. Ukivaa soksi uliyoshinda nayo kutoka Horombo, hata ukiiona kavu, ina unyevu wa siku nzima. Itabadilika kuwa barafu ya polepole. Iweke pea ya kileleni kwenye mfuko usiopitisha maji tangu getini, ilale nawe ndani ya begi la kulalia ile jioni ya Kibo ili iwe na uvuguvugu, na uivae dakika za mwisho kabla ya kutoka. Usilale nayo miguuni, utaitokea jasho.

Zilizolowa njiani zianike juu ya begi lako mchana kukiwa na jua. Usiku zikamue, zilaze tumboni ndani ya begi la kulalia. Zitakauka kwa joto lako.

Na zijaribu zote nyumbani pamoja na viatu vilevile. Mlima si mahali pa kuvaa soksi mpya kwa mara ya kwanza.

Kidole kikifa ganzi, usinyamaze. Mwambie mwongozaji wako. Kikigeuka cheupe na kigumu, hiyo ni dharura. Usikisugue na usikiweke karibu na moto.

Mimi ni mpagazi. Bei hizi siziwezi.

Moshi kuna Kilimanjaro Porters Assistance Project, wengi wanaiita KPAP. Wanaazima wapagazi nguo za mlima bila malipo, nguo zilizotolewa na wafadhili na wageni. Nenda kabla ya safari, maana msimu ukipamba moto vitu vizuri huisha mapema. Soksi zisipokuwepo, chukua viatu vyenye nafasi na suruali ya joto, halafu hela yako ndogo iende kwenye pea moja ya sufu.

Na wewe mgeni unayesoma hapa: mwisho wa safari, soksi zako nzuri zilizofuliwa au zile ambazo hukuzitumia ni zawadi ya maana kuliko fulana yenye picha ya mlima.

Naendesha bodaboda alfajiri.

Upepo ndio adui yako. Sufu inapitisha upepo, kwa hiyo soksi peke yake ndani ya raba za wavu haitoshi. Kiatu kifungwe, soksi ifike chini ya goti, suruali iifunike. Ukikosa kiatu cha kuzuia upepo, mfuko mwembamba usiopitisha upepo juu ya soksi, ndani ya kiatu, unasaidia kwa safari fupi. Ukifika kijiweni uutoe, vinginevyo jasho litakurudia.

Mimi ni mlinzi, navaa buti za mpira usiku kucha.

Buti la mpira halitoi jasho hata tone. Beba pea ya pili kavu mfukoni na ubadilishe katikati ya usiku. Kata kipande cha boksi au cha blanketi kuukuu kwa umbo la wayo ukiweke chini, kwa sababu joto kubwa linapotelea kwenye zege unalosimama juu yake. Zunguka kila baada ya muda. Ukirudi nyumbani acha buti wazi kichwa chini, na miguu iachwe wazi ikauke. Kukaa na mguu uliolowa baridi saa nyingi, siku baada ya siku, huharibu ngozi na neva, kama ilivyowapata askari mahandakini katika Vita vya Kwanza vya Dunia.

Mtoto yuko bweni nyanda za juu na shule inataka soksi za sare.

Za sare ni nyembamba, nyingi za nailoni. Mnunulie nyembamba ya sufu au akriliki ya rangi hiyohiyo aivae ndani, ya sare juu, na viatu vyake viongezwe namba moja. Pea ya kulalia aiweke kwenye foronya ya mto, asiichanganye na za mchana. Andika jina kwa uzi, kalamu inafutika. Mfundishe pia kufua na kuzianika mapema, kwani watoto wengi wanavaa soksi mbichi asubuhi si kwa uzembe, ni kwa kuwa wana pea mbili tu na hakuna jua.

Bibi yangu ana kisukari na anasema miguu yake ni baridi kila siku.

Kwanza mpeleke hospitali. Miguu baridi kwa mwenye kisukari inaweza kuwa dalili ya mishipa ya damu au ya neva, na soksi haitibu hilo. Soksi yake iwe na mdomo mlegevu usioacha alama mguuni, mshono usiosikika, na rangi nyeupe au nyepesi ili damu au usaha wa kidonda asichokisikia uonekane mapema. Mtazameni nyayo kila jioni. Asiweke miguu kwenye maji ya moto, chupa ya moto wala karibu na jiko la mkaa: ngozi iliyokufa ganzi huungua bila yeye kujua.

Mtoto mchanga?

Pindua kila soksi ukate nyuzi zinazoning'inia ndani. Uzi mmoja au unywele unaweza kujifunga kwenye kidole cha mtoto na kuzuia damu. Mdomo wa soksi usiache mstari mwekundu.

Sufu inaniwasha.

Kwa wengi kinachowasha ni unene wa uzi, si sufu yenyewe. Uzi mnene ncha zake huchoma. Merino mwembamba huinama. Tafuta lebo iliyoandika merino, au vaa soksi nyembamba ndani. Ukitokwa vipele au uvimbe, achana nayo.

Ndugu yangu yuko ng'ambo. Nimwagize nini?

Mwambie asubiri mwisho wa majira yao ya baridi, Februari na Machi, maduka yanapopunguza bei ili kutoa nafasi. Marekani na Kanada, Costco huuza pakiti za mchanganyiko wa merino zenye uwiano mzuri wa bei na ubora. Darn Tough za Vermont ni ghali, zaidi ya dola 20 pea moja, ila zina dhamana ya maisha: zikitoboka wanabadilisha. Kwako uliyeko Makete dhamana hiyo ina maana tu kama kuna mtu wa kuzirudisha. Uingereza kuna Heat Holders, za akriliki nene sana. Nzuri kwa kulala na kukaa, hazifai kupandia mlima.

Mpe urefu wa wayo wako kwa sentimita, kuanzia kisigino hadi kidole kirefu. Namba za viatu za Marekani, Uingereza na Ulaya hazifanani, na soksi kubwa mno hujikunja kiatuni.

Ndugu wanaohamia kwenye theluji, Minnesota, Kanada au Ulaya ya Kaskazini, wasibebe soksi kutoka huku. Huko zipo nyingi na bora kwa bei hiyohiyo.

Nizifueje zisiharibike?

Maji ya baridi au uvuguvugu, sabuni ya mche kidogo au shampuu, zikiwa zimepinduliwa. Sufu ni protini kama nywele zako, na sabuni nyingi za unga zina vimeng'enya vya kula madoa ya protini. Vitaila na soksi. Dawa ya kung'arishia nguo nyeupe inayeyusha sufu kabisa, isikaribie. Usisugue kwenye jiwe. Minya, suuza, ifungie ndani ya taulo na ukanyage ili maji yatoke, kisha laza kivulini. Maji ya moto pamoja na kusugua ndivyo vinavyoigeuza soksi ya baba kuwa ya mtoto, na hairudi.

Usikaushe juu ya jiko. Sufu inakauka nje na kukakamaa, akriliki inayeyuka, na nyumba imeshaungua kwa mambo madogo kuliko hayo.

Si lazima ufue sufu kila siku. Ianike usiku mahali penye hewa, vaa pea nyingine kesho. Ikipumzika siku moja vitanzi vyake vinainuka tena, na inadumu zaidi.

Kisigino kimeanza kuonekana wavu. Nitupe?

Hapana, hapo ndipo pa kuiokoa, kabla tundu halijawa tundu. Ingiza balbu iliyoungua au kopo dogo la mviringo ndani ya kisigino ili kitambaa kitanuke. Kwa sindano butu na uzi wa sufu uliochanganywa na nailoni, pitisha mistari sambamba ukianzia kwenye sehemu nzima pembeni, kisha mistari ya kukatisha, juu na chini, kama unasuka mkeka. Usivute, na usipige fundo. Fundo chini ya kisigino utalisikia kwa kila hatua. Dakika ishirini za kazi zinaipa soksi msimu mwingine.

Ikishatoboka kupita kiasi, kata sehemu ya juu. Inakuwa kifuniko cha kifundo cha mkono kwa mwendesha pikipiki, au cha goti la mzee.

Nikiziweka miezi ya joto naziona zina matundu madogo madogo.

Ni viwavi wa nondo wa nguo, wanakula sufu. Wanapenda zaidi zenye jasho na mafuta ya ngozi, kwa hiyo fua na kausha kabisa kabla ya kuhifadhi, zifungie kwenye mfuko wa plastiki usiopitisha kitu au ndoo yenye mfuniko. Kafuri husaidia kufukuza, haiui walioko tayari. Ukizikuta zimeshaliwa, ziweke kwenye friza siku kadhaa ndani ya mfuko uliofungwa, au zianike juani ukizikung'uta na kuzigeuza, kisha kagua nguo zote za sufu zilizokuwa nazo kabatini.